Mwongozo wa Kupunguza Matumizi ya Mafuta ya Sedani ya Kifahari Yenye Injini Kubwa

Anayenunua sedani ya kifahari iliyoundwa kwa mwendo wa kasi, kama vile BMW M5, Mercedes-AMG E 63 au Audi S6, anajua tangu mwanzo kwamba gari hilo litakula mafuta. Asichokijua mara nyingi ni mahali mafuta hayo yanakokwenda. Gari la aina hiyo lenye uzito wa kilo 1,900 hivi, likitembea kwenye barabara tambarare kwa kilomita 100 kwa saa bila upepo mkali, huhitaji takribani kilowati 14 tu ili kuendelea na mwendo wake, yaani nguvu za farasi 19 hivi, ilhali injini yake inaweza kutoa zaidi ya 400. Injini ya petroli inayotumiwa kwa sehemu ndogo namna hiyo ya uwezo wake hufanya kazi kwa hasara: huvuta hewa kwa taabu kupitia mlango wa hewa uliokaribia kufungwa, husukuma pistoni nane au kumi zinazosuguana na kuta za silinda, na hupoteza joto jingi kwenye chuma na maji ya kupoza. Kwa sababu hiyo hatua zote zinazofuata zinazunguka mambo mawili, nayo ni kuiacha injini kubwa izunguke polepole kadiri inavyowezekana, na kutoutupa kwenye breki mwendo ambao mafuta yake yamekwisha kuchomwa.

Hatua ya kwanza: Pima kabla ya kubadilisha chochote

Kompyuta ya gari huonyesha wastani wa matumizi, lakini wastani huo hukadiriwa kutokana na muda ambao nozeli hufunguka, na mara nyingi huipendelea gari kwa asilimia chache. Kipimo cha kuaminika ni kile cha tanki lililojaa. Jaza tanki mpaka pampu ijizime yenyewe mara ya kwanza, usiongeze tone jingine, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha gari kama kawaida mpaka tanki likaribie robo. Rudi kwenye kituo kilekile, na ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka ijizime. Lita ulizojaza mara ya pili, zikigawanywa kwa kilomita ulizotembea na kuzidishwa kwa 100, zinakupa matumizi yako halisi. Kwa mfano, lita 71.7 kwa kilomita 512 ni lita 14.0 kwa kila kilomita 100, au kilomita 7.1 kwa lita.

Usipime kwa kujaza kidogokidogo. Pampu mbili zinaweza kujizima kwa tofauti ya nusu lita, na nusu lita katika lita 70 si kitu, lakini katika lita 15 tayari ni zaidi ya asilimia tatu, kiasi kinachotosha kuficha faida yote ya hatua moja au mbili za mwongozo huu. Kumbuka pia kwamba ukifunga rimu na matairi yenye mzingo tofauti na yale ya kiwandani, kihesabu cha kilomita kitakudanganya, na hesabu nzima itakuwa imejengwa juu ya uongo huo.

Ninashauri uandike kwa lita kwa kilomita 100 na si kwa kilomita kwa lita, ingawa wengi tumezoea njia ya pili. Gari linalotoka kilomita 5 kwa lita hadi kilomita 6 limeokoa lita 3.3 katika kila kilomita 100, ilhali gari dogo linalotoka kilomita 12 hadi 13 limeokoa lita 0.64 tu. Kwa macho ya anayehesabu kilomita kwa lita, magari yote mawili yameongeza kilomita moja, na mwenye sedani kubwa hukata tamaa bila sababu, kwa kuwa ni yeye aliyeokoa mara tano zaidi ya mwenzake.

Hatua ya pili: Soma namba rasmi kwa tahadhari

Namba iliyoandikwa kwenye vitabu vya gari inategemea kipimo kilichotumika. Ulaya ilitumia kwa miaka mingi kipimo cha NEDC, kilichodumu dakika 20 hivi kwa umbali wa kilomita 11 na kuishia kwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa, tena kwa kuongeza mwendo taratibu kupita kiasi. Kuanzia Septemba 2017 kipimo cha WLTP kilianza kuchukua nafasi yake kwa aina mpya za magari. Kipimo hicho huchukua dakika 30, kilomita 23 na robo, na hufikia kilomita 131 kwa saa. Gari lililopimwa kwa NEDC na lililopimwa kwa WLTP hayalinganishwi namba kwa namba. Marekani nayo ina kipimo chake cha EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, kilichorekebishwa kuanzia magari ya mwaka 2008 ili kihusishe pia mwendo wa kasi, kiyoyozi na hali ya baridi, na namba zake hutolewa kwa maili kwa galoni. Gawanya 235 kwa namba hiyo upate lita kwa kilomita 100. Kwa galoni ya Uingereza, ambayo ni kubwa zaidi, gawanya 282.

Ukitumia namba za kipimo kimoja, ulinganisho unafundisha. M5 ya V10, yaani injini ya silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 5.0, yenye nguvu za farasi 507, ilipewa na EPA maili 11 mjini na 17 barabara kuu, yaani lita 21.4 na 13.8. M5 iliyoifuata, yenye V8 (silinda nane) ya lita 4.4 na tabochaja mbili, yaani vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilikuwa na nguvu za farasi 560, na kwa giaboksi ya klachi mbili ilipewa maili 14 na 20, yaani lita 16.8 na 11.8. Nguvu iliongezeka na mafuta yakapungua, kwa sababu injini ndogo yenye tabochaja haipotezi kiasi kile pale inapotumika kwa sehemu ndogo ya uwezo wake.

Mahali pa kuwa mwangalifu zaidi ni kwenye haibridi za kuchomekwa umeme, yaani magari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Mercedes-AMG C 63 S E Performance ina injini ya silinda nne ya lita 2.0 na betri ya kilowati-saa 6.1, ambayo huipeleka gari kilomita 13 hivi kwa umeme pekee. Namba rasmi ya gari la namna hii huchanganya mwendo wa betri iliyojaa na mwendo wa betri iliyokwisha, kwa hiyo huwa ndogo mno kwa mtu asiyechomeka gari lake kila siku. Betri ikiisha, unabaki na injini ya petroli inayoburuta uzito wa betri na mota. Mwenye haibridi ambaye hana mahali pa kuchaji kila usiku asitegemee namba hiyo kabisa.

Hatua ya tatu: Jifunze kuutumia mguu

Hapa ndipo penye mafuta mengi kuliko mahali pengine popote. Kulikimbiza gari la kilo 1,900 kutoka kusimama hadi kilomita 60 kwa saa hujaza ndani yake takribani kilojuli 264 za nishati ya mwendo. Petroli ina megajuli 32 hivi kwa lita, lakini robo tu au zaidi kidogo ndiyo inayofika kwenye magurudumu, kwa hiyo kila kuondoka namna hiyo huchoma mililita 30 hivi juu ya mafuta ya kuendelea na safari. Ukifunga breki kwenye taa nyekundu, nishati hiyo yote inageuka joto kwenye diski. Kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa kasi, kusimama kutoka kilomita 120 hugharimu mara nne yake, zaidi ya mililita 120 kwa breki moja. Breki kubwa za kaboni au za pistoni sita zinazosifiwa kwenye magari haya ni, kwa mtazamo wa mafuta, mashine za kuyatupa.

Kwa hiyo tazama mbali, si bampa ya gari lililo mbele yako. Ukiona taa imebadilika au msongamano umeanza mita 300 mbele, ondoa mguu mapema na uliache gari lijipunguze lenyewe likiwa ndani ya gia. Injini za kisasa hukata kabisa mafuta gari linaposhuka mwendo likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye pedeli, mpaka mizunguko inapokaribia ile ya kusimama. Wapo madereva wanaotia nyutro kwenye mteremko wakidhani wanaokoa, kumbe wanailazimisha injini ichome mafuta ya kujizungusha yenyewe, na juu ya hayo wanapunguza udhibiti wa gari. Kuna magari ambayo kompyuta yake yenyewe huitenga injini na giaboksi ili gari liteleze mbali zaidi kwenye barabara tambarare. Hilo liachiwe kompyuta, kwa kuwa inajua lini kuteleza kunazidi kukata mafuta.

Kuhusu kuongeza mwendo, ushauri uliozoeleka wa kugusa pedeli kama mtu anayeogopa kuivunja si sahihi sana kwa injini hizi. Injini kubwa hufanya kazi vizuri zaidi ikipewa mzigo wa wastani kwenye mizunguko michache kuliko ikipewa mzigo mdogo kwa muda mrefu. Bonyeza kwa uthabiti, kiasi cha theluthi moja hadi karibu nusu ya pedeli, acha gia zipande mapema kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kisha ukifikia kasi unayoitaka tulia hapo. Usivuke kiasi hicho, kwa sababu pedeli ikikaribia kugusa sakafu kompyuta ya injini yenye tabochaja humwaga petroli ya ziada ili kupoza vyumba vya kuchomea na tabochaja yenyewe, na petroli hiyo haikusukumi mbele hata hatua moja. Kuondoka kwa kishindo kila taa inapogeuka kijani kunafurahisha, na sioni sababu ya kumnyima mtu furaha aliyoilipia, lakini aichague siku yake badala ya kuifanya desturi ya kila kona.

Hatua ya nne: Chagua kasi ya barabara kuu na uishike

Nguvu ya hewa inayolipinga gari hupanda kwa mraba wa kasi. Gari letu la mfano, kwenye kilomita 110 kwa saa, hupambana na ukinzani wa niutoni 570 hivi, hewa na matairi pamoja. Kwenye 130 ukinzani hufika 720, yaani robo zaidi kwa kila kilomita. Mafuta hayapandi kwa uwiano uleule kikamilifu, kwa sababu injini iliyoongezewa mzigo hupunguza kidogo hasara yake, lakini hupanda vya kutosha kuonekana kwenye tanki moja. Faida ya muda ni dakika nane hivi katika kilomita 100. Kila mtu ajipimie kama dakika hizo zina thamani hiyo, bila kusahau kikomo cha kasi kilichowekwa kwenye barabara husika.

Kidhibiti mwendo kinasaidia kwenye barabara tambarare, kwa sababu sedani hizi ni kimya mno kiasi kwamba dereva hujikuta kwenye 140 bila kuhisi. Kwenye vilima kizime, kwa maana hung'ang'ania kasi ileile wakati wa kupanda na kushusha gia, ilhali dereva mwenye macho angeruhusu mwendo upungue kidogo kileleni na kuurudisha bure kwenye mteremko.

Hatua ya tano: Ijue modi unayoendeshea

Modi za kimichezo hushikilia gia za chini, huweka mizunguko juu ili injini iitike mara moja, na katika magari mengi huzima kabisa mifumo ya kuokoa mafuta. E 63 yenye V8 ya lita 4.0 ni mfano mzuri. Mfumo wake unaozima silinda nne kati ya nane hufanya kazi kati ya mizunguko 1,000 na 3,250 kwa dakika, na dereva lazima awe amechagua modi ya Comfort, yaani ya starehe. Anayeendesha kwa Sport kwenye foleni ya mjini anazilisha silinda zote nane kwa kazi ambayo nne zingeimaliza. Tumia modi ya kawaida au ya kuokoa mafuta kila siku, na ukihitaji nguvu ya ghafla ya kupita lori, bonyeza pedeli kwa nguvu na giaboksi itashusha gia yenyewe. Mfumo unaozima injini gari linaposimama usiuzime kila asubuhi, kwa sababu V8 inayounguruma bila kwenda popote huweza kuchoma lita moja na nusu hadi mbili na nusu kwa saa, na zaidi kiyoyozi kikiwa kazini.

Hatua ya sita: Unganisha safari fupi

Injini ikiwa baridi, kompyuta huipa petroli nyingi zaidi na kupandisha mizunguko ili kichujio cha moshi kipate joto upesi, huku oili nzito ya injini, ya giaboksi na ya difu ikizuia kila kitu kinachozunguka. V8 ina chuma kingi na oili nyingi, na oili hiyo huchelewa kupata joto kuliko maji. Safari ya kilomita tatu inaweza kutumia mara mbili ya wastani wa gari hilohilo likiwa moto. Shughuli tatu ndogo zikipangwa kwa mfululizo mmoja, gari huanza baridi mara moja tu. Usiliache liungurume kwa dakika kumi ili lipate joto. Ondoka baada ya nusu dakika, endesha kwa upole, na usivuke mizunguko 3,000 mpaka oili iwe na joto.

Hatua ya saba: Matairi, kwa kiasi chake

Pima upepo matairi yakiwa baridi, yaani gari likiwa limesimama kwa saa tatu au zaidi, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Sedani hizi mara nyingi zina vipimo viwili au vitatu, cha mzigo mdogo, cha mzigo kamili na cha kasi kubwa, na mwenye gari huchanganya. Joto la hewa likishuka kwa nyuzi 10, upepo hupungua kwa psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 1.5 hadi 2. Kila psi moja inayokosekana kwenye matairi yote manne huongeza matumizi kwa asilimia 0.2 hivi, kwa hiyo psi tano ni asilimia moja. Si kiasi kikubwa, na anayekuahidi maajabu kwa upepo wa matairi anatia chumvi, lakini tairi laini huliwa pia pembeni, na matairi ya magari haya si ya kubadilisha ovyo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye tairi lenyewe. Matairi mapana yenye mpira laini wa kushika lami hukinza kuliko matairi ya safari ya mzingo uleule. Ukinunua matairi yenye lebo ya Ulaya, soma herufi ya mafuta, ambayo tangu Mei 2021 huanzia A hadi E, lakini usikubali kushuka chini ya kiwango cha kasi na cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji ili uokoe mafuta.

Hatua ya nane: Mafuta na oili sahihi

Kama kifuniko cha tanki kinadai oktani 98 (oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kutojilipukia kabla ya wakati wake), petroli ya oktani ya chini haitaua injini mara moja, kwa sababu sensa ya kugonga, inayotambua petroli inapojilipukia kabla ya wakati, itaifanya kompyuta icheleweshe cheche. Lakini cheche iliyocheleweshwa hupunguza kazi inayopatikana katika kila tone, na kilichookolewa kituoni hupotea barabarani. Kinyume chake, kama mtengenezaji ameridhika na 95, kuipandisha zaidi huleta faida ndogo mno. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ina nishati pungufu kwa asilimia tatu hivi, jambo la kukumbuka unapolinganisha matanki mawili yaliyojazwa sehemu tofauti. Oili ifuate kitabu. Nyepesi kuliko ilivyoagizwa inaweza kupunguza msuguano kidogo, lakini baadhi ya injini hizi ziliundwa kwa oili nzito, na beringi zake ni ghali kuliko akiba yoyote ya petroli.

Hatua ya tisa: Tafuta hitilafu kabla ya kulaumu injini

Endapo umefuata hatua zilizotangulia na gari bado linakula kuliko zamani, kuna kitu kimeharibika. Kichujio cha hewa kilichoziba, ambacho mafundi wengi hukikimbilia kwanza, hupunguza nguvu za injini ya kisasa zaidi kuliko kinavyoongeza mafuta, kwa kuwa kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Tazama badala yake breki inayobana: baada ya mwendo wa dakika 20 usiotumia breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski, na rimu moja ikiwa moto kuliko wenzake, kalipa zake, yaani vibanio vya breki, zinashika. Kagua alaimenti, hasa kama usukani haukai katikati. Sensa ya oksijeni iliyochoka huweza kuongeza petroli kwa muda mrefu kabla taa ya injini haijawaka, na fundi mwenye mashine ya uchunguzi huiona kwenye namba za marekebisho ya mchanganyiko wa hewa na petroli.

Hitilafu inayosahaulika kwa urahisi ni themostati, yaani vali inayoongoza maji ya kupoza kulingana na joto, iliyokwama wazi. Injini haifiki joto lake, kompyuta huendelea kuilisha kana kwamba imewashwa sasa hivi, na mara nyingi dereva huona bili ya mafuta tu. Ukiona kipimo cha joto kinashuka kila unapotembea kwa kasi kwenye barabara kuu na kupanda tena unapoingia kwenye foleni, mwagize fundi aanze na themostati kabla hujanunua sensa yoyote, kisha upime tena kwa matanki mawili kamili.